Mgeni Ajulikane, Mwenyeji Naye Ajulikane

Leo nimekuja na suala la nyumba za kukodisha kwa siku. Ni zile ambazo kuanzia Kilimani hadi Nyali, kuanzia Naivasha hadi Diani, kila mtu anaziita BnB, hata kama mwenyewe hajawahi kuiandikisha nyumba yake kwenye mtandao wowote. Bei zake tuziache kwanza. Nataka tuulizane jambo moja: mgeni anapofika na mwenyeji anapomkabidhi ufunguo, kila mmoja wao anajuaje kwamba mwenzake ni yule anayesema ndiye?

Mwezi Januari 2024 Kenya ililiuliza swali hili kwa uchungu mkubwa. Katika muda wa wiki mbili, wanawake wawili waliuawa jijini Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu, wote wawili ndani ya nyumba za kukodisha kwa siku. Majina yao sitayataja. Familia zao zimeyasikia hewani vya kutosha. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu waliingia barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine kudai mauaji ya wanawake yakomeshwe. Na katikati ya kilio hicho watu wakaanza kuulizana kuhusu nyumba zenyewe. Nani alikodisha? Kwa jina gani? Nani alimwona akiingia? Kumbukumbu ziko wapi?

Kuna jambo ambalo lazima nilitangulize. Kitambulisho hakiuzuii mkono wa muuaji. Wanawake wengi wanaouawa huuawa na watu wanaowafahamu, na mara nyingi ni nyumbani kwao wenyewe, mahali ambapo hakuna anayeandikishwa mlangoni. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba tukipiga picha vitambulisho vya wageni basi tumemaliza. Hatujamaliza. Ila mtu anayejua kwamba jina lake la kweli na uso wake vimebaki mlangoni, anaingia akijua kuwa anaweza kutafutwa na kupatikana. Na yule anayejua kwamba hakuna aliyemtazama usoni, huyo tumempa nafasi ambayo hakustahili kupewa.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Mtu anaona picha za nyumba kwenye Instagram au kwenye stetasi ya rafiki yake. Anaandika ujumbe WhatsApp. Anajibiwa: usiku mmoja ni elfu nne, tuma picha ya kitambulisho, lipa kwa M-Pesa. Anatuma. Saa tisa alasiri anapokea namba nne za kufungulia kisanduku cha ufunguo kilichopachikwa ukutani. Anaingia, analala, kesho yake saa nne asubuhi anaondoka. Ukimuuliza mwenyeji kama alimhakiki mgeni wake, atakwambia ndiyo, kitambulisho chake ninacho.

Alichonacho ni picha. Na picha hiyo inathibitisha jambo dogo sana: kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeweza kuipata picha ya kitambulisho fulani. Vitambulisho vyetu havikai mfukoni, mnajua. Tunaviacha kwa bawabu wa jengo la ofisi, tunavitolea kopi saiba, tunawatumia madalali wa nyumba ambao hata hatuwajui jina la pili. Picha ya kitambulisho changu iko kwenye simu za watu ambao sitawahi kukutana nao, na yako pia. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji kughushi chochote. Anahitaji kuokota tu.

Uhakiki wa kweli una maswali matatu, na kila swali linamngoja mwenzake. Je, hati hii ni halali, imetolewa na serikali? Je, ni ya mtu huyu aliyeituma? Na je, mtu aliyeituma ndiye huyu aliyesimama mlangoni na begi lake? Swali la kwanza, mashine zinalimudu vizuri. Pasipoti, kwa mfano, ina mistari miwili ya herufi na tarakimu chini ya ukurasa wa picha, na baadhi ya tarakimu hizo zimepatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya nyingine. Mtu akibadilisha tarehe ya kuzaliwa bila kuijua hesabu hiyo, mashine inamnasa papo hapo. Swali la pili hujibiwa kwa selfi: unaambiwa ujipige picha, ugeuze kichwa kushoto na kulia, ili programu ilinganishe uso wako na ule wa kwenye hati na ihakikishe kwamba haionyeshwi picha ya karatasi. Benki na kampuni za simu huenda mbali zaidi, zinauliza moja kwa moja kwenye daftari la taifa. Wasikilizaji wetu wa Tanzania wanakumbuka foleni za mwisho wa mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, walipotakiwa kusajili laini zao kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, kabla ya tarehe 20 Januari. Mwenye chumba kimoja cha kukodisha pale Ruaka hana mlango wa kuingilia kwenye daftari hilo, na kusema kweli sitaki awe nao.

Swali la tatu, lile la mlangoni, mashine haijalimudu. Na hapo ndipo hata walioanzisha biashara hii walipojikwaa.

Airbnb ilizaliwa San Francisco mwaka 2008, baada ya vijana wawili walioshindwa kodi kuwalaza wageni kwenye magodoro ya kujaza hewa sebuleni mwao. Miaka ya mwanzo imani ilijengwa kwa picha na kwa maoni ya waliokwishalala. Mwaka 2011 mama mmoja wa San Francisco alirudi kwake akakuta mgeni ameivuruga nyumba, kabati limetobolewa, vito na hati zake zimeibwa. Kelele zilikuwa kubwa, kampuni ikaanzisha fidia kwa wenyeji, na mwaka 2013 ikaleta utaratibu wa kumlinganisha mtu na hati yake ya serikali. Wengi wakadhani jambo limekwisha.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 31 Oktoba 2019. Katika mji mdogo wa Orinda, California, mwanamke mmoja alikodisha nyumba ya vyumba vinne akisema anataka kuwaondoa jamaa zake wenye pumu kwenye moshi wa moto wa msituni. Usiku huo walikusanyika watu zaidi ya mia moja kwenye sherehe, bunduki zikalia, watu watano wakafa. Aliyekodisha alikuwa mtu wa kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewajua wale mia moja. Mfumo mzima ulikuwa umejengwa juu ya mtu mmoja anayebonyeza kitufe cha kulipa, na wanaoandamana naye wakaachwa gizani. Siku hizi kampuni hiyo inamhakiki kila anayeweka nafasi na kila mwenyeji mkuu, na hilo ni jema. Lakini hata leo, katika nyumba nyingi, anayehakikiwa ni aliyelipa. Rafiki zake, mpenzi wake, binamu aliyekuja usiku wa manane, hao hawana jina.

Kwa hiyo turudi kwetu, tumwangalie anayemwona mgeni kwa macho.

Mara nyingi si mwenyeji. Mwenyeji yuko kazini, yuko Doha, yuko Leeds, ana nyumba nne katika majengo matatu na anaziendesha kwa simu. Anayemwona mgeni ni bawabu wa getini, ni keateka wa jengo, ni dada anayekuja kubadilisha shuka na kupiga deki. Hawa ndio wanaofungua mlango. Hawa ndio wanaosikia sauti ukutani usiku. Na hawa, katika mpango mzima wa BnB, ndio wasio na mamlaka yoyote. Bawabu analipwa na kampuni ya ulinzi iliyoajiriwa na wenye jengo; mwenyeji wa chumba namba 14 hamjui kwa jina. Keateka anatafutwa pale maji yanapokatika. Dada wa usafi analipwa kwa kila chumba anachosafisha, na mgeni asipolala, hakuna cha kusafisha.

Mweke sasa bawabu huyo getini saa tano za usiku. Gari linasimama. Mgeni anasema nimekodisha chumba namba 14, nimeshalipa, huu hapa ujumbe. Kitambulisho alichotuma kina uso wa kijana mwembamba. Aliyeko ndani ya gari ni mtu wa makamo. Bawabu ameiona tofauti. Afanye nini? Akimzuia, mgeni atampigia mwenyeji simu kwa hasira, mwenyeji atampigia meneja wa jengo, na asubuhi bawabu ndiye atakayeulizwa kwa nini anafukuza wateja. Akimruhusu, hakuna atakayemuuliza lolote, mpaka siku polisi watakapokuja. Wakija, wa kwanza kuandika maelezo kituoni ni yeye.

Huu ni udhalimu, na nautaja kwa jina lake. Tumempa mnyonge kuliko wote kazi nzito kuliko zote, tukamnyima ruhusa ya kusema hapana. Mwenyeji anayetaka kweli kujua nani analala kwake ataanzia hapa. Atampa bawabu au keateka majina ya wageni wote wa usiku huo, pamoja na idadi yao. Atamwambia: mtazame usoni, mwombe akuonyeshe kitambulisho chenyewe mkononi, si picha kwenye simu, visipolingana, usifungue, unipigie, na nisipopokea, bado usifungue. Na atamlipa kwa kazi hiyo, maana ni kazi. Mpangilio huu hauhitaji programu yoyote. Unahitaji mwenyeji akubali kupoteza elfu nne ya usiku mmoja.

Haya, nimemsema mgeni. Mwenyeji je?

Mara nyingi tunazungumza kana kwamba hatari inaingia kwa mlango mmoja tu. Mwaka 2023 Airbnb yenyewe ilisema imeondoa matangazo bandia 59,000 na kuzuia mengine 157,000 yasiwekwe. Hayo ni yaliyonaswa, na ni kwenye mtandao wenye mitambo ya kunasa. Kwenye Facebook na WhatsApp hakuna anayenasa. Ndiyo maana kila Desemba tunasikia habari ile ile: familia imetoka Nairobi na watoto, imefika Nyali au Diani, nyumba ipo kweli kama kwenye picha, ila anayeishi ndani hajui lolote kuhusu kukodisha, na namba iliyopokea pesa imezimwa.

Kuna na ile nyingine, mbaya zaidi kwa sababu ina werevu. Mtu anakodisha apatimenti nzuri kwa siku tatu. Ndani ya siku hizo tatu anajifanya mwenye nyumba, anawaonyesha watu sita wanaotafuta nyumba ya kupanga, kila mmoja anatoa kodi ya mwezi na amana. Siku ya nne ametoweka, na watu sita wanakutana mlangoni na mizigo yao. Hapo mgeni asiyehakikiwa amegeuka kuwa mwenyeji asiyehakikiwa, na mwenyeji halisi anaitwa polisi kueleza asichokijua.

Wengi hudhani njia ya kumhakiki mwenyeji ni kutafuta hatimiliki. Haifai sana. Wenyeji wengi wa mijini si wamiliki. Ni wapangaji waliochukua nyumba kwa kodi ya mwezi, wakaweka kochi na televisheni, wakaikodisha kwa siku. Hilo peke yake si kosa kama mwenye nyumba ameridhia. Kwa hiyo mwombe mwenyeji barua ya ridhaa. Mwombe na leseni: Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na baada ya mauaji yale ya Januari mamlaka hiyo iliwakumbusha wenye nyumba hizi kwamba wanatakiwa kusajiliwa. Unapotuma pesa, M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Lisome, na kama si jina la yule unayeongea naye, simama hapo hapo. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue dirisha uone nje. Tapeli ana picha nyingi, ila hana dirisha.

Na dada zangu mnaosafiri peke yenu, mwulizeni mwenyeji swali moja ambalo wenyeji wachache hulipenda: nani mwingine ana ufunguo? Mkandarasi aliyeutengeneza mlango? Mgeni wa juzi anayejua zile namba nne ambazo hazijabadilishwa tangu mwaka jana? Mwulizeni pia kuhusu kamera. Tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb imepiga marufuku kamera za ulinzi ndani ya nyumba zilizoko kwenye mtandao wake, hata zile ambazo mwenyeji amezitangaza. Nyumba iliyopatikana kupitia WhatsApp haina anayeipiga marufuku. Mwenyeji anayejulikana kwa jina lake halisi, kwa leseni yake na mahali anapopatikana, ndiye mwenyeji unayeweza kumshtaki.

Sasa nifike mahali panaponitia wasiwasi kuliko pengine pote, kwa sababu ninachokidai kinaweza kuumiza watu.

Tukisema mgeni ajulikane, tumempa mwenyeji jina. Na katika nchi zetu jina linasema mengi. Linasema mtu ametoka upande gani, dini yake, baba yake ni nani. Wengine wenu mmelala kwenye gesti za Tanzania na mnakikumbuka kitabu cha wageni: jina, namba ya kitambulisho, unatoka wapi, unakwenda wapi, na katikati yake, safu ya kabila. Watu waliijaza bila kuuliza. Mimi ningeuliza. Kabila la mtu linamsaidia nini mwenye gesti kujua kama mtu huyo ndiye mwenyewe?

Marekani walilipima jambo hili. Watafiti wa Harvard waliwatumia wenyeji wa Airbnb maombi yanayofanana kila kitu isipokuwa jina, na waombaji wenye majina yanayotambulika kuwa ya Wamarekani weusi walikubaliwa mara chache zaidi, kwa asilimia 16 hivi. Mwaka 2018 kampuni ikaacha kuwaonyesha wenyeji picha ya mgeni kabla hawajamkubali. Na kuanzia mwaka 2022, kwa wageni ambao ni wakazi wa jimbo la Oregon, mwenyeji alionyeshwa herufi za kwanza tu za jina la mgeni mpaka alipolithibitisha ombi. Baada ya hapo ndipo jina lilipofunguka.

Mpango huo wa Oregon naupenda, na natamani tuuchukue. Unatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Mtandao au wakala ameshamhakiki mgeni, anajua ni nani. Mwenyeji anaamua kwa tarehe, kwa idadi ya watu na kwa bei. Jina analipata pale anapolihitaji kwa usalama, akiwa ameshakubali, wala halimfikii mapema likamsaidia kubagua. Kijana wa kutoka Garissa anayetafuta chumba Nairobi kwa ajili ya usaili wa kazi asikataliwe kwa sababu ya jina lake la tatu, halafu aambiwe chumba kimejaa.

Vilevile kuna suala la picha zenyewe za vitambulisho, ambazo tumezikusanya kwa jina la usalama. Ziko wapi? Ziko kwenye simu ya mwenyeji, katikati ya picha za harusi na za watoto. Simu ikiibwa, zimeibwa zote. Simu ikiuzwa, zimeuzwa zote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania imetunga yake mwaka 2022. Sheria hizo zinamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile anazozihitaji tu, azilinde, na asikae nazo kupita haja. Sheria haisemi kwamba mwenye vyumba viwili amesamehewa. Mgeni akishaondoka salama na muda wa madai ukapita, ifute ile picha. Daftari la getini nalo lisiachwe wazi juu ya meza, kila anayepita akasoma namba ya simu ya binti aliyeingia kabla yake. Wanawake wangapi wamepigiwa simu usiku na mtu aliyeichukua namba yao hapo?

Wengine watasema: serikali ichukue yote. Italia inafanya hivyo. Chini ya sheria ya usalama iliyoanzia mwaka 1931, anayelaza wageni lazima apeleke majina yao polisi, na siku hizi hupelekwa kwa mtandao ndani ya saa 24. Novemba 2024 wizara yao ya mambo ya ndani ikaongeza kwamba mwenyeji amtazame mgeni ana kwa ana, namba za kisanduku cha ufunguo zisihesabiwe kuwa makaribisho; wenyeji wakaenda mahakamani kupinga. Hilo la kutazamana nalikubali kwa moyo wote. Hilo la kila jina kwenda polisi kila usiku silikubali kwetu. Mwanamke anayemkimbia mume anayempiga, akalala kwenye BnB siku tatu akijipanga, hatanufaika na orodha ambayo shemeji yake aliye kituoni anaweza kuisoma. Majina yawepo, yawe ya kweli, yakae kwa mwenyeji, na polisi wakiyahitaji waje na sababu iliyoandikwa.

Wageni wa mwisho wa juma wanaanza kuingia kesho jioni. Wewe mwenyeji unayenisikiliza, kabla hujampa mtu yeyote zile namba nne, mpigie bawabu wa jengo lako. Mwulize anaitwa nani, umwambie wageni ni wangapi na majina yao, na umwambie mbele ya meneja wake kwamba akimkataa mtu mlangoni, umemkataa wewe.